Mkanda wa Mwenye Mkoba

Nilipompa Bwana Kassim mkono kwenye harusi ya mwezi uliopita, nilihesabu vidole vyangu mara mbili kabla ya kurudi mezani. Vilikuwa vitano, mara zote mbili. Ilikuwa harusi ya kijana wa watu tunaojuana, kwenye ukumbi mmoja wa Don Mills wenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na fundo kubwa mgongoni, na tulikuwa hatujaonana kwa miaka kumi na tano. Amezeeka. Anatembea na bakora yenye mpira chini, koti limemshinda mabega, na masikio yameota mvi kuliko kichwa. Waliotuona tumeshikana mikono walitabasamu, kwa sababu watu wakiona maadui wawili wamezeeka hudhani uadui nao umezeeka. Wangu haujazeeka. Nimeutunza kama gauni la sikukuu, na kila nikiutoa kabatini kuujaribu naukuta bado unanikaa vizuri kiunoni. "Zuhura," aliniambia, mkono wangu bado kaushika, "nina ombi moja tu kwako." Nikamwambia aseme. Akasema. Nikamwambia nitafikiri, na mimi si mtu wa kufikiri haraka nikijua mwenzangu anataka kitu. Ombi lenyewe nitalifikia, lakini mtu hawezi kujua uzito wake kabla hajaujua ule mwaka wa elfu mbili na tatu, nilipokuwa na miaka ishirini na sita na ulimi usiojua kulala.

Habari za wazazi wangu na za nilivyofika Kanada nitaziruka. Hao wote hawana hatia katika kesi hii. Nianzie sebuleni kwa Mama Shani, ghorofa ya kumi na moja, Thorncliffe Park, ambako nilipanga chumba kidogo nilichogawana na ubao wa kupigia pasi. Mama Shani, Mungu amrehemu, alikuwa mjane wa Tanga, mnene, mcheshi, asiyeweza kuweka siri hata iliyo yake mwenyewe. Kochi lake lilikuwa bado kwenye plastiki ya dukani, ukikaa linalalamika, ukiinuka linakung'ang'ania mapaja. Zulia lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa na lilikuwa limeshakunywa chai ya kutosha. Televisheni ilikuwa na kisogo kikubwa kuliko uso, imekaa juu ya meza ya kioo, na chini yake deki ya video iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba nayo ina haya. Dirishani tulitazamana na jengo jingine. Nilihesabu madirisha yake, yakawa mia mbili na manne. Nikarudia, yakawa mia mbili na sita. Nyuma ya kila dirisha, nilikuja kujua, kulikuwa na mama mmoja kama Mama Shani, aliyeletwa na wanawe alee wajukuu, asiyejua Kiingereza, anayesema na watoto kwa Kiswahili siku nzima na kujibiwa kwa lugha nyingine.

Kazi yangu ilikuwa kwenye duka la mitumba, huko nyuma, mezani pa kuchambulia. Mwaka ule kila mtu alikuwa anahamia kwenye diski, na mikanda ya video ilikuwa ikimwagwa mlangoni kwetu kwa maboksi. Msimamizi wangu alikuwa mama wa Kireno mwenye mgongo mbovu. Nikampa shauri: mimi nibebe maboksi yote ya vyombo, mgongo wake upumzike, na yeye asione mikanda ikipungua. Alianzia miwili kwa wiki, mimi nikaanzia kumi, tukakutana kwenye sita. Nikachukua saba, kwa kuwa yeye huhesabu mara moja tu. Na mingi, sijui kwa nini, ilikuwa ya mwanzo wa miaka ya themanini, kama vile Toronto nzima imekaa kikao na kuamua kuitupa miaka ile kwa pamoja. Wanaume wa masharubu na suti za kahawia. Wanawake wenye mabega ya nguo mapana kuliko mlango. Simu zenye waya uliojisokota, ambao mwenye huzuni lazima auzungushie kidole. Filamu za majonzi zilikuwa zikianza na mtu anayeondoka na kuishia na mtu aliyekaa jikoni. Za vichekesho zilikuwa na kabati, na ndani ya kabati mtu asiyetakiwa awemo. Majina ya filamu hatukuyajua wala kuyataka. Tuliita "Mama wa Treni", "Mzee wa Kabati", "Yule wa Kuku", na kila mtu akaelewa.

"Zuu, huyo anasema nini?" Mama Shani aliniuliza Jumamosi moja ya Januari, theluji imejaa dirishani. Hapo ndipo yote yalipoanza. Nilikuwa nimeuza karanga mlangoni mwa kibanda cha video Manzese, na kila aliyepita vibanda vile anamjua mtafsiri, yule jamaa anayekaa pembeni ya televisheni na kuisema filamu yote kwa Kiswahili, sauti ya mwanamume na ya mwanamke, akimpa muuaji jina la mtaani na kumtukana dereva kwa niaba yetu. Nilikuwa nimemsikiliza miaka minne bure kabisa. Basi nikavuta kiti, nikakaa ubavuni pa televisheni, nikaanza. Kuhusu Kiingereza changu niseme kweli: wakati ule kilikuwa cha "sanduku hili liende wapi" na "lifti imeharibika". Nilichosikia nilikitafsiri. Nisichosikia nilikiumba. Nami sikusikia mengi.

Kufikia Machi hatukuenea. Wamama walipanda na wajukuu mgongoni, wakavua viatu mlangoni mpaka korido ikaonekana kama msikiti. Miongoni mwao alikuwa Bi Nuru, mama wa Bagamoyo mwenye sauti ndogo, aliyekuja kila Jumamosi na bakuli la kachori na kukaa mbele kabisa, kwenye zulia. Akicheka alijificha uso kwenye mtandio, akilia hivyo hivyo, kwa hiyo ilibidi umtazame mabega ujue ni kipi. Mumewe ndiye Bwana Kassim, mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania wa pale mtaani, injinia, mtu wa tai, aliyetoka kila asubuhi na mkoba mweusi wa ngozi. Tulimwita Injinia hata nyuma ya mgongo wake, na hiyo ni heshima kubwa.

Mkanda uliotuponza ni "Mama wa Treni". Mwanamke amesimama stesheni, ameshika barua, anaisoma, uso unabadilika. Mimi nikasema: ni barua ya kumjulisha kuwa mwanawe wa pekee, baharia, amezama. Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu ya ule uso. Sebule nzima ikalia. Mama Shani akasimamisha mkanda mwenyewe, akafuta macho, akasema, "Jamani, mtoto wa watu hana hata kaburi. Tumsomee." Wakamsomea Fatiha. Wajukuu wakapewa kachori za Bi Nuru kama sadaka. Nami nikainua mikono pamoja nao, maana ningefanya nini? Wiki iliyofuata wakaomba warudiwe mkanda huo huo, na kwa vile sebule ilikuwa imeshindwa, chama kikatupatia ukumbi wa chini wa jengo. Tulikuwa watu thelathini na saba. Nilihesabu wakiingia, nikahesabu wakishakaa. Wa thelathini na nane alikuwa Bwana Kassim, aliyekuja kwa mara ya kwanza, akasimama ukutani na mkoba wake.

Nilifika kwenye barua. "Mwanangu amezama," nikasema kwa sauti ya yule mama, na watu wakaanza kutafuta leso.

"Simamisha hapo," Bwana Kassim alisema. Mkanda ukasimama, mama wa watu mdomo wazi. "Dada Zuhura, huyo mama anasema nini?"

"Amepata habari za msiba, Bwana Mwenyekiti."

"Nimekuuliza anasema nini. Neno kwa neno."

Akatembea hadi mbele, taratibu, kama mwalimu. "Anasema hivi: wakala anauliza kama nyumba inauzwa pamoja na fanicha." Akawageukia watu. "Nyumba inauzwa! Nasikia mmemsomea Fatiha mtoto ambaye hayumo kwenye filamu!"

Laiti angeishia hapo ningemsamehe, nadhani. Hakuishia. Aliurudisha mkanda nyuma akaniuliza sentensi moja moja, mbele ya watu thelathini na saba, kiti changu kimeelekezwa kwao. Sentensi kumi na moja. Nilipata mbili, "ahsante" na "kwaheri". Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilisikia tu Mama Shani akimnong'oneza jirani yake, "Sasa ile Fatiha imekwenda kwa nani?"

Baadaye niliingia jikoni mwa ukumbi kuosha vikombe. Mlango wa kupitishia chakula haukufungwa vizuri, nikawasikia wenyewe. "Umemkomesha," mmoja wa wajumbe alisema. Na Bwana Kassim akajibu, akikoroga chai, "Muuza karanga yule. Kiingereza cha kuokoteza mitaani. Wageni wa jengo wakija, tutamweka huyu mbele aseme ni sisi? Kuanzia wiki ijayo nitatafsiri mwenyewe. Ila mikanda aendelee kuleta, hana gharama." Nilivihesabu vikombe, kumi na tisa. Nikavihesabu tena, kumi na nane, maana kimoja nilikuwa nimekivunja mkononi bila kujua.

Bwana Kassim alitafsiri vizuri sana. Hakukosea neno. "Anasema: habari za asubuhi. Mwenzake anajibu: asubuhi njema. Anasema: leo kuna baridi. Mwenzake anakubali." Watu walilala kwa adabu, vichwa vimenyooka. Walizidi kuja kwa sababu ukumbi ulikuwa na joto na chai, na kwa sababu nyumbani kulikuwa na nini? Nami nilipeleka mikanda kila Jumamosi, nikakaa safu ya nyuma, mikono mapajani. Wote walisifu upole wangu. "Zuu ana moyo," walisema. Ninao. Ulikuwa kazini.

Mwezi wa nne nilitumwa na dereva wa duka kwenda kuchukua mablanketi yaliyochakaa kutoka hospitali moja. Tukashuka chini kabisa, kwenye chumba cha kufulia, mvuke kila mahali, mashine kubwa kama mabasi. Akapita mtu anasukuma toroli la mashuka, ovaroli la kijani, kofia ya wavu kichwani. Nilimtazama. Nikamtazama mara ya pili. Alikuwa Injinia. Pembeni, juu ya benchi, mkoba mweusi wa ngozi. Niseme wazi: kufua mashuka ya wagonjwa ni kazi ya heshima kuliko nyingi, na mimi mwenyewe nilikuwa nachambua nguo za marehemu wasionijua. Angeniambia ukweli ningemsalimia na kumsaidia toroli. Lakini huyu ndiye aliyenikalisha kitini mbele za watu kwa sababu ya kusema yasiyokuwepo. Nilirudi garini nikikumbatia mablanketi, na dereva akaniuliza kwa nini natabasamu na mablanketi yananuka.

Sikusema. Kisasi cha haraka huuzwa kwa hasara. Kwanza nilihitaji Kiingereza. Kwenye rimoti ya Mama Shani kulikuwa na kitufe kilichokuwa kikilaaniwa kila kikibonyezwa kwa bahati mbaya, kwa kuwa kinaleta maandishi chini ya picha. Nilikibonyeza makusudi. Kila siku nikitoka kazini, kamusi gotini, sahani ya wali na maharage juu ya ubao wa pasi, nilisoma filamu kama msahafu. Pili, nilihitaji mkanda, na huo nilikuwa nao tayari, uko chini ya kitanda, niliouweka kando kwa sababu ya picha ya juu ya kasha: mwanamume wa masharubu ameshika mkoba. Ni kichekesho, au ni cha kusikitisha, sikuwahi kuamua. Mtu kamdanganya mkewe kuwa ni meneja wa hoteli kubwa. Kila asubuhi anatoka na mkoba. Kumbe anaosha vyombo jikoni mwa hoteli hiyo hiyo. Nilikitazama mara kumi na moja. Nilikijua mpaka pale mbwa anapobweka.

Tatu, nilimwambia Mama Shani nilichokiona kule chini hospitalini. Nikamwapisha asimwambie mtu. Baada ya siku mbili mama mmoja wa ghorofa ya tatu, ambaye sijawahi kumpa hata salamu, alinishika mkono kwenye lifti akaniuliza, "Eti ni mashuka?" Mtu pekee ambaye hakuambiwa alikuwa Bi Nuru, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia.

Nikampelekea Bwana Kassim mkanda kwa ajili ya sikukuu ya chama, mwezi wa tano. "Hutautazama kwanza, Bwana Mwenyekiti?" nilimuuliza. Nataka ijulikane kuwa nilimuuliza. Akanijibu, "Anayejua lugha hahitaji mazoezi, dada yangu."

Ilikuwa saa nane mchana, jua la kwanza la maana mwaka ule linapenya mapazia. Watu sitini na mmoja, mara zote mbili. Kulikuwa na biriani, kachumbari, na wageni wawili wa uongozi wa jengo wasioelewa neno la Kiswahili na kufurahia kila kitu. Bi Nuru alikaa mbele, kwenye kiti safari hii, na mumewe akasimama na kipaza sauti, mkoba miguuni pake, maana alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi, aliyoiita kikao. Mwanzo ulikwenda vizuri. Mtu anaanguka kwenye ndoo, hilo halihitaji mtafsiri. Kisha Mwenye Mkoba akaingia jikoni mwa hoteli, akavua koti, akafungua mkoba, akatoa aproni. Sauti ya Bwana Kassim ikapungua. Ukumbi ukaanza kukohoa, wakitazamana kwa pembe za macho. Ikafika jioni ya kwenye filamu, mke kaketi jikoni kwake, akauliza, "Huwa uko wapi siku nzima?" Hilo Bwana Kassim alilitafsiri. Yule mtu akajibu, jibu refu.

"Anasema," Bwana Kassim alisema. "Anasema amechelewa kwa sababu ya foleni ya magari."

Nilisimama. "Simamisha hapo."

Mkanda ukasimama. "Bwana Mwenyekiti," nikasema, "huyu hasemi hivyo." Nikaisema sentensi nzima kwa Kiingereza, kama ilivyo, na wale wageni wa jengo wakatikisa vichwa kukubali, Mungu awabariki. "Sasa iseme kwa Kiswahili. Neno kwa neno. Sisi wengine ni wa kuokoteza."

Angeweza kuweka kipaza sauti chini akatoka. Nimelifikiria sana hilo. Lakini alikuwa mtu wa kufuata neno, na neno lilikuwa pale limesimama kwenye kioo. Akasema, kwa sauti ile ile kavu ya "habari za asubuhi": "Anasema: mke wangu, mimi si meneja. Sijawahi kuwa meneja. Kwenye mkoba huu mna chakula ulichonipikia na nguo ya kazi."

Bi Nuru aliutazama uso wa mumewe, kisha akautazama mkoba. Akainuka, akachutama, akaufungua. Bakuli la plastiki lenye mabaki ya wali wake. Ovaroli la kijani, limekunjwa vizuri, alikuwa hodari wa kukunja. Alilishika mabegani, akaliinua kama unavyompima mtoto nguo. "Kassim," aliuliza, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake yote, "ni injinia wa nini?" Akaliweka ovaroli juu ya kiti, akakaa, akanigeukia mimi. "Zuhura, shika hicho kipaza sauti umalizie. Nataka kujua mwenzangu anafanyaje."

Hapa ndipo penyewe. Nilipewa kiti changu, mbele ya watu sitini na mmoja, na aliyenipa ni mke wake. Mkanda ukaanza kwenda. Nami nilijua, kwa kuwa nimeutazama mara kumi na moja, kile anachofanya yule mwanamke. Anacheka. Anamwambia, "Kaa chini, supu inapoa. Na ukimaliza bakuli uoshe mwenyewe, si ndiyo kazi yako?" Anamnyooshea kiti, anamsogezea bakuli, na yule mtu anacheka mpaka machozi yanamtoka, na filamu inakwisha. Huo ndio mwisho wake. Nilimtazama Bi Nuru, nikamtazama Bwana Kassim, nikakumbuka kijiko kinavyogonga kikombe akisema muuza karanga. Mwanamke kwenye kioo akanyoosha mkono kwenye kiti. "Mlango ule pale," nikasema kwa sauti yake. "Toka." Akasogeza bakuli. "Na supu yako uchukue, ukanywee nje. Nilikuwa nakula uongo wako kila siku, leo nimeshiba." Yule mtu machozi yakamtiririka. "Analia," nikasema. "Amechelewa." Majina yakaanza kupanda, na ukumbi ukapiga makofi.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi na hakuwa akilia. Bwana Kassim alikuwa ameisikia ile supu. Katika ukumbi ule, ukiwaondoa wale wageni wawili wasiojua Kiswahili, alikuwa peke yake aliyesikia kilichosemwa na nilichosema. Akafungua mdomo. Tukatazamana. Akaufunga.

Bi Nuru aliondoka kabla ya Jumamosi iliyofuata, kwenda kwa binti yake Ottawa. Kwenye lifti alimwambia Mama Shani, "Hata yule wa kwenye sinema hakumvumilia wake, na ana jiko zuri vile." Talaka aliidai mwenyewe. Bwana Kassim alijiuzulu uenyekiti, akahamia North York, na mimi nikakaa kwenye kiti changu Jumamosi baada ya Jumamosi kwa miaka minne, mpaka wajukuu walipowafundisha bibi zao kutazama filamu kwenye kompyuta. Watu huniuliza kama najuta. Nimefanya hesabu hiyo. Mara ya kwanza huwa najuta. Nikirudia kuhakiki, nakuta sijuti.

Sasa lile ombi. "Nuru yuko hapa," Bwana Kassim aliniambia pale harusini. "Meza ya tisa, na wajukuu. Mwambie yule mke wa kwenye mkanda alisema nini kweli. Hilo tu. Mimi nikimwambia ataona ni uongo mwingine."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ningesema kwa ulimi gani?" akajibu. "Ulikuwa umeniachia ulimi?"

Lilinipendeza jibu hilo, nakiri, na ndiyo maana niliondoka pale haraka. Nilizunguka meza ya vinywaji mara mbili. Halafu nikaenda meza ya tisa, si kwa ajili yake, bali kwa kuwa kwa miaka kumi na tano nimekuwa nikimpigia Bi Nuru simu kila Idi, naye hunishukuru kila Idi kwa kumfungua macho, na shukrani hiyo ilikuwa imeanza kunikaba. Alikuwa amevaa dera la zambarau, anamkatia mjukuu kuku. Nikamwambia. Supu, kiti, bakuli, kicheko. Neno kwa neno, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili.

Hakuacha kukata kuku. "Alicheka?" aliuliza.

"Alicheka, Bi Nuru."

"Mimi ningemmwagia ile supu," akasema. Kisha kisu kikasimama. "Na Kassim alisikia?"

"Alisikia."

"Kwa hiyo mlijua wawili. Wewe unajua, yeye anajua, mmetazamana juu ya kichwa changu. Aliyeambiwa uongo na huyu na huyu ni mimi." Alipangusa vidole kimoja kimoja. "Nisingekaa, Zuhura. Usijipe ukubwa. Lakini ningeondoka kwa akili yangu. Mlininyima hata hiyo."

Nikaanza kusema samahani. Akaninyooshea kiganja. "Amekutuma uniambie?"

"Ndiyo."

"Basi hukuniambia. Akikuuliza, jibu lako ni bado. Usiseme ndiyo, usiseme hapana. Bado. Atakupigia kuuliza, na simu zake upokee. Zote. Binti yangu huongea na baba yake kila Jumapili, ukiacha kupokea nitajua, na mimi simu yako sitaipokea tena mpaka kufa kwangu."

"Mpaka lini, Bi Nuru?"

"Nikishiba nitakwambia," akasema, akamgeukia mjukuu.

Tangu siku hiyo Bwana Kassim hunipigia kila Ijumaa, baada ya swala. Nilijaribu kumpunguza iwe mara moja kwa mwezi. Akakataa, nami sikuwa na cha kumpa. Mtu niliyemchukia kuliko wote Toronto nzima najua sasa ana sukari, najua goti lake la kushoto, najua jirani yake mwenye mbwa. "Umemwambia?" huuliza. "Bado," najibu. Nasikia anavyopumua, halafu husema, "Basi, Ijumaa." Wiki iliyopita nilimsikia akikohoa vibaya, nikamuuliza kama amekwenda kwa daktari, na kabla sijalirudisha neno hilo mdomoni akanijibu, kwa sauti ile ile kavu, "Bado."